Masikio Niliyorithi

Nimezaliwa mahali ambapo watu wanaongea kwa kupaza sauti. Nyumba yetu ilikuwa karibu na maporomoko ya Wagenia, hapa Kisangani, na maji yale hayanyamazi, kiangazi wala masika. Mama akitaka kuazima chumvi kwa jirani alipiga kelele kana kwamba nyumba inaungua. Tulipokwenda mjini kuwasalimia ndugu zake, walituomba tushushe sauti wakidhani tunagombana, kumbe tulikuwa tunaambizana tu kwamba chai imekolea sukari.

Katika makelele yale alikuwepo mtu mmoja aliyeongea kwa sauti ya chini, naye alikuwa mama yake baba. Tulimwita Koko, kama watu wa Kisangani wanavyowaita bibi na babu zao. Koko hakupaza sauti hata siku moja, na sijui ilikuwaje, kila mtu alimsikia. Alikuwa mwembamba, mrefu kuliko baba, na alipenda kukaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, pale mama alipokaushia samaki juu ya moshi. Mpaka leo nikipita sokoni kwenye meza za samaki wa moshi, naona kwanza vidole vyake vikigeuza samaki mmoja mmoja, halafu ndipo naona sura yake.

Baba alikuwa mvuvi. Yeye na wenzake walisimika miti mirefu katikati ya mawe, wakaifunga kwa kamba za msituni, na kwenye miti hiyo wakaning'iniza vikapu vikubwa vyenye mdomo mpana ili maji makali yaingize samaki. Sisi watoto tulijua sauti za maji kabla ya kujua kusoma, kwa sababu kila mahali pana sauti yake. Kulikuwa na maji yanayokoroma, chini ya mwamba mpana. Kulikuwa na maji yanayotwanga, kama mwanamke mwenye mchi. Kulikuwa na maji tuliyoyaita ya mama mkwe, kwa vile yalinung'unika bila kupumzika. Ungetufunga macho na kutuweka popote ukingoni, tungekuambia tuko wapi. Hilo halikuwa ajabu, kila mtoto wa kwetu aliliweza.

Ajabu ilikuwa ya Koko. Yeye alisikia maji ya mahali ambapo hakuwepo. Mtumbwi ukipinduka, au mvuvi akiteleza kwenye mti, ndugu zake walimtafuta, na wakishindwa walikuja nyuma ya nyumba yetu. Koko aliwaacha walie kwanza. Halafu aliinamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayetoa maji sikioni, akakaa hivyo kwa muda, kisha akawaambia kwamba mtu wao yuko pale maji yanapotwanga, au chini kidogo, pale mitumbwi ya kuni inapoegeshwa. Wakaenda, wakaukuta mwili wake. Walirudi na chumvi, sabuni, pengine kipande cha kitenge. Koko alipokea bila maneno mengi, na siku iliyofuata alishinda amelala.

Ilisemwa kwamba masikio hayo yanatembea katika ukoo wetu kwa wanawake, kutoka kwa bibi kwenda kwa mjukuu. Ilisemwa pia kwamba mwanamke mwenye masikio hayo hadumu na mume, kwa sababu mto umemwoa kwanza na mto una wivu. Ushahidi tulikuwa nao nyumbani. Babu yetu aliondoka baba akiwa bado anatambaa, akateremka na mto mpaka Barumbu, akaoa mke mwingine, akafia huko. Watu walisema aliaga kwa neno moja tu, kwamba hawezi kulala karibu na mwanamke anayemsikiliza mwingine.

Mimi yalinipata nikiwa bado nasoma shule ya msingi. Ilikuwa mchana, tunakula lituma, zile ndizi zinazochemshwa na kutwangwa. Jirani yetu, papa mmoja, kama tunavyowaita wanaume wazima, aliyesuka vikapu vya uvuvi, alikuwa ameanguka majini asubuhi ile, na wanaume wote walikuwa wanamtafuta upande wa juu. Nilikuwa na tonge mkononi. Ghafla sikio langu la kushoto likajaa maji yanayokoroma, karibu kabisa, kana kwamba nimelala juu ya ule mwamba. Nikasema bila kufikiri, kama mtoto anavyosema mvua inakuja, kwamba papa wa vikapu yuko kwenye maji ya kukoroma.

Mama aliacha kutafuna. Baba aliinuka akatoka, na kabla jua halijashuka walimkuta pale pale nilipopataja. Watu walijaa uani kuniangalia, wengine walinigusa kichwa. Koko peke yake hakufurahi. Alinivuta karibu, akanifuta mikono kwa pembe ya kitenge chake, akaniambia pole, kama unavyomwambia mtu aliyejikwaa.

Kuanzia hapo sikuwa tena mtoto kama wengine. Kwenye bomba la maji wanawake walinipisha nichote kwanza. Shuleni hakuna aliyenichokoza. Nilipokuwa msichana mkubwa mambo yalizidi kuwa mabaya, kwa maana vijana wa mtaa walinisalimia kwa heshima kama wanavyomsalimia mtawa. Kwenye sherehe za harusi nilikaa ukutani na soda yangu, nikicheza na ndugu zangu tu. Mimi nilitaka kuchokozwa. Nilitaka kupigiwa mluzi barabarani, nikasirike, kisha nikawasimulie wenzangu. Nilimwambia baba waziwazi kwamba kazi ya Koko siitaki, wamtafute mwingine. Baba akasema kazi ile haitafutiwi mtu.

Basi nikaanza kuziba masikio. Nilisokota pamba, nikaisukuma ndani, nikafunga kitambaa juu yake. Nikiwa nyumbani niliwasha redio kwa sauti kubwa, hata ikiwa inakwaruza tu. Tantine, mdogo wake mama, aliyesali katika kanisa moja la maombi, alisema haya si mambo ya ukoo bali ni mume wa majini, pepo anayejiozesha msichana, na dawa yake ni kufunga. Nikafunga naye. Mchungaji aliniombea kwa bidii sana, mdomo wake ukiwa karibu na sikio langu la kushoto, akimfokea yule mume atoke. Nilirudi nyumbani sikio likiuma. Koko alipasha mafuta ya mawese, akanidondoshea kidogo kidogo.

Nilikuwa nimemaliza shule, namsaidia mama kuuza samaki sokoni nilipogundua jambo ambalo hakuna aliyelijua. Nilimwita Koko akiwa amenipa mgongo, hakugeuka. Nikaita kwa sauti yetu ile ya maporomoko, hakugeuka. Nikaanza kumchunguza. Watu walipokuja na msiba wao alikuwa anaangalia midomo yao, na mara nyingi aliwaambia warudi kesho. Wakiondoka alinivuta pembeni akaniuliza kama nimesikia kitu. Nilimjibu hapana. Ulikuwa ukweli, nilikuwa nimejaza pamba. Masikio yake yalikuwa yanazeeka kama masikio ya bibi yeyote, na yalipozimika kwa sauti za watu, yalizimika pia kwa maji.

Hiyo ilikuwa miaka ya baada ya vita, biashara ya mto ilikuwa imeanza kurudi, na baleinière, zile boti kubwa za mbao, zilikuwa zinajaza tena bandari. Asubuhi moja alikuja kijana wa familia ya Waislamu wa commune ya Kisangani, tarafa moja ya mji wetu, wale ambao mababu zao walifika na misafara ya biashara zamani. Alikuwa fundi wa kushona, alikuwa na cherehani barazani karibu na soko. Kaka yake alikuwa anavuka kutoka Lubunga, ng'ambo ya mto, na marobota ya vitambaa, upepo ukaja, mtumbwi ukapinduka. Wenzake waliokolewa, yeye hakuonekana.

Hakulia. Alikaa kwenye kigoda alichopewa, mfuko wa nguo mapajani, akaeleza kwa sauti ndogo sana, midomo haifunguki vizuri. Koko alimtazama, akainama mbele, akamtazama tena. Halafu akanigeukia mbele ya wote, baba na mama wakiwepo, akasema jambo alilolificha muda wote ule.

"Miye masikio ilikufa. Sikia weye."

Nilikasirika. Niliona amenisukuma katikati ya uwanja bila kuniuliza. Nikajibu kwamba sisikii kitu, na kwamba mtu asinilazimishe kusikia. Mama aliinamisha uso kwa aibu. Yule kijana ndiye aliyeniokoa.

"Bon," alisema, "hii haiko kitu ya kulazimisha mutu. Lakini miye ni mutu wa cherehani, mto siijue. Kama kuko mutu wa kunionyesha njia ya pembeni ya mto, atakuwa amenisaidia."

Baba alikubali kumwonyesha, na akasema niende nao nibebe chakula. Nadhani alikuwa na mpango wake. Kwa siku kadhaa tulitembea ukingoni, baba mbele na panga akifyeka, sisi wawili nyuma. Yule kijana alitoka katika ukoo wa watu wanaoongea chini chini, ambao kwao sauti kubwa ni ya adhana peke yake. Alikuwa ananisimulia habari za kaka yake, na mimi na pamba yangu kila mara nilikuwa namwuliza amesema nini. Mwishowe aliniuliza kwa upole kama na mimi nimerithi ugonjwa wa Koko.

Nilicheka. Nilicheka mpaka baba akageuka nyuma. Nilikuwa sijachekeshwa na kijana yeyote tangu nikiwa mtoto. Na kwa vile alikuwa katikati ya hadithi ya jinsi yeye na kaka yake walivyokuwa na jozi moja tu ya makubazi ya kwendea madrasa, kila mmoja akivaa mguu mmoja, nikataka kusikia mwisho wake. Nikafungua kitambaa, nikatoa pamba, nikaitupa majanini.

Akamaliza hadithi. Ni kaka yake, siku ya mvua, aliyemwachia makubazi yote mawili. Na hapo, sauti yake ikiwa bado sikioni, maji yakaja. Hayakuwa maji ya kwetu. Yalikuwa mazito, yanakwenda polepole, na ndani yake mbao zilikuwa zinagongana, ko, kimya kidogo, ko. Nikakaa chini. Yeye alihama akasimama upande wa jua ili nipate kivuli.

"Iko chini, mbali kidogo," nikamwambia. "Maji ya pole. Kuko miti inagongana."

Baba alipajua. Chini ya mji kuna kona ambapo wafanyabiashara wa mbao walikuwa wanafunga magogo yao majini wakingoja boti. Kesho yake tulikwenda kwa mtumbwi, pamoja na baba yake mdogo yule kijana na wanaume wawili wa msikiti wao, na kati ya magogo tukamkuta kaka yake. Hapo ndipo kijana alipofungua ule mfuko aliokuwa anautembeza siku zote. Ndani kulikuwa na sanda nyeupe aliyoikata kwa mkono wake. Walimwosha, wakamswalia, wakamzika mchana ule ule kwenye kilima karibu na hapo. Mimi na baba tulisimama kando. Nilikuwa namwona mtu aliyepotelewa akitulia, na nikaelewa kwa mara ya kwanza kwa nini Koko hakuwafukuza watu wale hata alipokuwa amechoka.

Yule kijana alirudi nyumbani kwetu baada ya arobaini, akaleta mchele kwa mama na blauzi kwangu. Hakuwa amenipima, na blauzi ilinikaa kama ngozi. Mama aliigeuza huku na huku, akasema fundi huyu ana macho mengi. Ndivyo tulivyoanza. Wakati ule pikipiki zilikuwa chache, tulipanda toleka, baiskeli zenye mto wa kukalia nyuma. Yeye alichukua yake, mimi yangu, tukawaomba waendeshaji waende sambamba ili tuongee. Kwa vile yeye alinong'ona na mimi nilipaza sauti, barabara nzima ilisikia nusu yangu ya mazungumzo. Siku moja mwendeshaji wangu alisimamisha baiskeli, akamwambia: "Papa, jibu kwa nguvu kidogo, na siye tunataka kujua." Yeye aliona haya mpaka tukafika, na alinunua mahindi ya kuchoma kwa wote wanne ili yaishe.

Lakini watu wengine pia walikuwa wanakuja. Habari ya magogo ilikuwa imeenea, na sasa walipitia kigoda cha Koko wakaja moja kwa moja kwangu. Jioni moja Koko aliniita nikae miguuni pake, akaniambia anajua kwamba fundi ananipenda, na kwamba ni mtoto mzuri. Kisha akaniambia nisimwue. Alisema mto umeonja damu ya ile familia, na mimi ni wa mto, na akinioa hautamwacha. Aliyasema kwa sauti yake ile ya chini, bila ukali, na ndiyo maana niliyaamini yote.

Sikumuaga kijana. Nilipanda lori la mizigo nikaenda Bengamisa kwa tonton, kaka yake mama, aliyekuwa na mashamba ya mihogo na ndizi. Nilijiambia kwamba huko sitasikia maji, na yeye atabaki hai, na atapata mke mwingine. Siku za kwanza kule nilikuwa kama mgonjwa. Sikujua ukimya unavyokuwa. Nilisikia majani ya ndizi, kuku wakichakura, mke wa tonton akiimba akimenya mihogo, na chini ya yote hayo hapakuwa na kitu, kama nyumba isiyo na sakafu. Nilikuwa napaza sauti, watoto wa tonton wakaziba masikio wakicheka. Polepole nikajifunza kuongea chini. Nilipojisikia naongea chini, nilimkumbuka fundi, na nililia jembe mkononi.

Alikuja siku ya soko. Niliona kwanza baiskeli, halafu cherehani iliyofungwa nyuma kwa mpira, halafu yeye, mwekundu kwa vumbi kutoka kofia mpaka miguu. Hakuja kwangu. Alimtafuta tonton, akamsalimia, akaomba mahali pa kukaa ashone, akapewa kona ya baraza la duka. Alishona siku nzima, kaptula za shule na magauni ya akina mama, na mimi nilikuwa napita mbele yake na kikapu nikijifanya nina shughuli. Mwisho nikasimama. Nikamweleza yote aliyoniambia Koko, na kwamba nimekimbia kwa ajili yake.

Alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.

"Mto ilichukua yaya yangu mbele sijakujua weye," alisema, akimkusudia kaka yake. "Haikukuwa wivu. Ilikuwa upepo, na mutumbwi ya zamani, na mizigo mingi. Miye nilikuwa nimemwambia angojee. Donc, kama unaogopa, ogopa kama watu wote wanaogopa. Siku ya upepo, hatuvuke."

Nilikuwa nimetegemea aniambie kwamba haogopi, kama wanaume wanavyosema, na nilikuwa nimeandaa jibu la neno hilo. Nilikaa kwenye ngazi ya baraza nikamwangalia akishona mpaka soko likavunjika. Tonton alimpa chumba, akabaki Bengamisa msimu mzima wa kuvuna karanga. Nikikumbuka ujana wangu nakumbuka baraza lile: vipande vya vitambaa sakafuni, vumbi la barabara ya Banalia kwenye mwanga, na sisi wawili tukinong'onezana kama watu wanaoficha kitu wakati hatukuwa na la kuficha.

Ndipo habari ikaja na dereva wa lori kwamba Koko hainuki tena. Tuliteremka Kisangani siku ile ile, cherehani katikati ya magunia ya mkaa. Lori lilipokaribia mtaa wetu na nikaanza kusikia maporomoko, machozi yalinitoka bila huzuni yoyote, jinsi yanavyomtoka mtu aliyefika kwao.

Koko alikuwa amelala chumba cha nyuma, mchana, dirisha wazi. Alikuwa hasikii kabisa. Alinishika mkono, akaniuliza maji yanasema nini leo. Nilifungua mdomo kumjibu, nikakumbuka kwamba hatanisikia hata nikipiga kelele ya kwetu. Nikageuza kiganja chake juu, nikakipigia maji. Nilipiga kwa ngumi yale yanayotwanga. Nilikwaruza kwa kucha pole pole yale yanayokoroma. Kwa ncha za vidole, haraka haraka, bila kupumzika, nilimpa ya mama mkwe, na Koko akatabasamu, akayataja kila moja kwa jina lake. Tulifanya hivyo siku nyingi. Nilikuwa nakwenda ukingoni nasikiliza, narudi kumwambia kiganjani.

Siku moja alimwona fundi mlangoni. Alikuwa amekuja na uji aliotumwa na mama yake, na hakuthubutu kuingia. Koko alimtazama muda mrefu. Kijana alipoondoka, Koko aliniambia nifunge mlango, kisha akasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo.

"Masikio ni ya kweli. Ile ya wivu ni miye niliitia. Koko yako mwanaume alienda, na miye sikumufuata, sikumwita. Nilikuwa na kiburi. Watu waliuliza, nikasema ni mto. Mwanamke mwenye wameacha anatafuta kitu ya kusema."

Nilimwuliza kiganjani na kwa midomo, pole pole, kwa nini basi aliniambia nitamwua. Alifumba macho. Alisema amelirudia neno lile miaka mingi mpaka likawa kweli kwake, na alipopata habari ya yule kijana na magogo, aliogopa kweli. Halafu akanipapasa uso kama mtu anayetafuta kasoro kwenye kitambaa, akasema niolewe mchana, watu wote waone.

Baba zetu walikaa mara nyingi kuzungumza habari ya dini. Mimi nilibaki Mkristo na yeye Mwislamu, na watoto wangefuata baba yao, na kila upande ulinung'unika kidogo ukakubali. Koko hakuifikia harusi. Alitutoka majuma machache kabla, mchana, mama akiwa anamchana nywele. Tulimzika, wavuvi wakasimamisha kazi, na kwa mara ya kwanza niliona miti yote mtoni haina mtu juu yake.

Kazi yake niliichukua, lakini kwa namna yangu. Sikai nyuma ya nyumba. Nakaa barazani kwa mume wangu, sokoni, ninapouza vifungo, nyuzi na vitambaa vya bitana. Anayekuja na msiba anakaa kwenye benchi la wateja kama mteja mwingine. Mume wangu anasimamisha cherehani, anawaomba vijana wa jirani wapunguze muziki, na mimi nainamisha kichwa. Mara nyingine nasikia. Siku hizi si rahisi kama zamani. Kuna pikipiki, jenereta, spika za makanisa, kila duka lina wimbo wake. Mara nyingine sisikii, na nasema sisikii. Watu wanakubali, kwa kuwa sijawahi kubahatisha.

Binti yetu mkubwa anasoma chuo kikuu hapa hapa Kisangani, na akisikiliza mambo haya anatabasamu kama anavyotabasamu mtu mwenye adabu. Simlaumu. Hayatamhusu yeye, na kama yapo yatamhusu atakayemzaa, na huyo bado hajafikiriwa.

Masika iliyopita alikuja mama mmoja kutoka Barumbu, amechoka kwa safari ya boti. Mwanawe, kijana mkubwa, alikuwa amepanda baleinière kuja huku, na hakuna aliyemwona akishuka. Mama huyo alikuwa ameshaanza kuvaa nguo za msiba. Nilisikiliza siku ile, nikasikiliza kesho yake asubuhi, mume wangu akikataa kazi ili kuwe kimya. Hakukuwa na kitu. Nilimwambia hivyo, akalala kwetu, akilia kwa kuwa hata kaburi hatalipata. Siku chache baadaye simu yake ililia juu ya meza ya vifungo. Ilikuwa sauti ya kijana mwenyewe. Alikuwa ameshuka njiani, akafuata wenzake kwenye machimbo upande wa Buta, akapoteza simu, na sasa ameazima ya mtu.

Yule mama alimtukana vizuri sana, kwa Lingala na kwa Kiswahili, mpaka salio la yule aliyeazimwa likaisha. Kisha akakaa kwenye benchi, akacheka, akaniuliza kama nina chakula, maana tangu aondoke kwake hakuwa ameshiba. Tulikuwa na pondu ya jana, yale majani ya mihogo, na wali. Tulikula watatu barazani, na alipomaliza alimwomba mume wangu ampime, amshonee gauni la rangi.